Bembea yetu ya Idd: nilivyoirudisha Mtwara

Anayesema bembea ya kuzunguka haiwezekani bila mota, aje Mtwara Idd ijayo aone watoto wa mtaa wetu wanavyozungushwa kwa mikono. Ushauri huo wa mota ulinipotezea wiki tatu na kuvunja uzio wa jirani. Mpaka leo nikiukumbuka nakasirika.

Mwanzoni mwa miaka ya 80, sukari ikiwa ya foleni, watoto tulikuwa na kiwanja chetu cha sikukuu, njia ya kwenda Mikindani. Farasi sita wa mbao walining'inia kwenye boriti zilizotoka katika nguzo moja ya katikati. Beringi, zile gololi za chuma za kulainisha mzunguko, hakuna, ni mti juu ya mti. Babu mwenye bembea aliipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, na nguo mpya za Idd zilirudi nyumbani zinanuka pwani. Kwa shilingi moja ulizunguka mpaka vijana wanaosukuma wachoke. Walikimbia peku, mzunguko juu ya mzunguko, hadi mchanga ukachimbika handaki la kufika magotini. Na nguzo ililia. Asubuhi ya Idd Mosi, kilio chake kilitufikia visheti vikiwa bado kwenye karai, na hakuna mzazi aliyeweza kutuzuia tena.

Babu alipofariki, mchwa waliimaliza ile nguzo. Miaka ya 2010, gesi ya Mnazi Bay ilipoleta wageni na viwanja vikapanda bei, pale pakajengwa nyumba za kupangisha. Wanangu walikua bila kuipanda. Mjukuu wangu wa kwanza alipofikisha miaka minne nikasema huyu hapana, huyu atapanda.

Fundi wa kuchomelea niliyemwendea kwanza hakunisikiliza hata dakika mbili. "Mzee, mambo ya kusukuma yamepitwa na wakati, weka mota." Akaleta mota iliyotoka kwenye mashine ya kusaga, akafunga mkanda, akasimamisha nguzo kwenye shimo la futi mbili. Nilimwambia mchanga wetu haushiki kitu, akasema uzito wa chuma utaishikilia. Kitu kimoja nilikataa katakata: mtoto hapandi mpaka nijaribu kwa viroba. Basi tukajaza mchanga, kilo hamsini kila farasi, akawasha.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili viroba vikaanza kupaa. Kufika wa tano farasi walikuwa wamelala ubavu hewani, nguzo inayumba kama mnazi wakati wa kusi, nami napiga kelele azime. Kamba moja ikakatika. Kiroba kikaruka, kikatua kwenye uzio wa makuti wa jirani, kikapasua nafasi ya kupita ng'ombe. Hakuumia mtu. Lakini usiku ule sikulala, nilikuwa nawaza pale kwenye kiroba angekuwa nani. Kwa hiyo nakusihi, chochote utakachowajengea watoto, kipandishe viroba kwanza, tena uzito mara mbili ya wao.

Mota nikairudisha. Nikaenda gereji za malori, nikanunua habu kuukuu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu la mbele, na ekseli yake fupi, ile fimbo ya chuma inayoizungukia, na beringi mbili nzima. Hapa ndipo ninapojivunia. Habu ile imezoea kubeba tani za korosho kutoka Newala, watoto sita itawaona nini? Ekseli ikachomelewa juu ya bomba nene la chuma, ikitazama mbinguni. Habu ikakaa juu yake kama kofia, na kwenye bolti zilizokuwa zikishika gurudumu nikafunga fremu ya boriti sita. Chini ya bomba nikachomelea rimu ya lori iwe mguu, shimo likafika kifuani mwangu, zege likajaa. Mchanga wa Mtwara ukanyamaza.

Yote kwa yote ilikula kama laki nne na nusu, farasi nikiwa nimewachonga mwenyewe. Ukipandisha watoto, mnene na mnene wakae mkabala, la sivyo fremu inavuta upande mmoja na beringi zinaliwa.

Siku mbili kabla ya Idd nilimwita mjomba, ambaye ujanani alikuwa mmoja wa wasukumaji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Izungushe."

Ikazunguka laini, kimya kabisa. Mjomba akatikisa kichwa. "Umejenga vizuri. Lakini hii siyo. Ile ilikuwa inalia."

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa alisema kweli. Nikatafuta kipande cha mti mkavu, nikakichonga mfereji, nikakifunga kwenye fremu kwa mpira wa baiskeli ili kiukumbatie mti mwingine niliouvalisha bombani. Kikavu kilikwaruza tu. Nikaenda Shangani kwa wavuvi, nikaomba sifa kidogo kwenye chupa, nikapaka.

Ikalia.

Mjomba alivua kandambili, akashika boriti, akaanza kukimbia. Ana miaka sabini na kitu. Alizunguka mara tatu kabla sijamshika mkono, na watoto wa mtaa wa pili walikuwa tayari wameshafika getini.