Nukta moja iliyobaki

Jumapili.

Jana umeme ulikatika saa moja jioni, na mpwa wangu wa kidato cha tano akanijia na daftari, tochi ya simu ikiwaka. "Mjomba, hili limenishinda." Tafuta polinomia ya kipeo cha tatu (fomula ya x ambamo kipeo kikubwa ni x³) ambayo sifuri zake, yaani thamani za x zinazoifanya iwe 0, ni 1, -2 na 3, na ambayo grafu yake inapita kwenye nukta (2, -8).

Alikuwa ameshaandika (x + 1)(x − 2)(x + 3). Nilicheka kimoyomoyo, kosa hilo nilitembea nalo mwaka mzima. Nikamwambia aweke 1 mahali pa x kwenye mabano ya kwanza. Akapata 2. "Si ilitakiwa iwe sifuri?" Akanyamaza, kisha akageuza alama zote tatu mwenyewe. Tukafungua mabano mawili kwanza, halafu la tatu: x³ − 2x² − 5x + 6.

"Tumemaliza," akafunga kalamu.

Nikamwomba ajaribu 2. Ikatoka -4, siyo -8. Akarudia mara mbili akidhani kakosea kuzidisha, wala hakukosea. Sifuri zinakwambia grafu inakata wapi mhimili wa x, basi. Zidisha yote kwa 2, kwa 7, kwa -1, sifuri ni zile zile. Polinomia za namna hiyo hazina idadi. Nukta ndiyo inayochagua moja, na hapa ilitaka tuzidishe kwa 2: 2x³ − 4x² − 10x + 12. (Mimi niliisahau kwenye mtihani wa majaribio. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Na nukta?")

Alipokwenda kulala nilibaki na ile karatasi. Jumla ya sifuri ni 2, na kwenye ile ya kwanza, kabla ya kuzidisha kwa 2, mbele ya x² kuna -2. Ukizizidisha sifuri unapata -6, na mwishoni kuna 6. Kanuni hiyo inayounganisha sifuri na namba za polinomia ina jina la Viète, Mfaransa wa karne ya 16 ambaye kazi yake ilikuwa sheria. Hesabu alizifanya pembeni!

Asubuhi nimekuta kajitungia swali: sifuri moja ni 2 + √3, na namba zote mbele ya x ziwe namba kamili. Pembeni ameandika, "Mjomba, mwenzake ni nani?"

Nimeandika chini yake: jumla ya sifuri hizo mbili ni 4.