Mtu wa Mchangani Akipanda Milima ya Pemba

Kwetu Jambiani, pwani ya Unguja, baiskeli haina mashaka. Maji yakitoka, mchanga unakuwa mgumu kama sakafu, na mtu anafika mpaka Paje bila kukutana na gari, labda apishane na kina mama wanaorudi kulima mwani. Nilijifunza pale nikiwa na miaka minane, kwa baiskeli ya baba iliyonizidi kimo, mguu mmoja nimeupitisha katikati ya fremu. Gia sikuzijua. Za nini, na mlima hakuna?

Safari hii ilianzia kwenye uongo mdogo. Kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi alifikia bibi mmoja wa Kifaransa, mtu mzima mwenye miguu iliyokaza kama kamba ya jahazi. Kila asubuhi akiniona natia baiskeli yangu kivulini, na siku moja akanisimulia ya kwao Bourgogne. Kutoka Givry mpaka Cluny, kilomita 44, kuna njia ya baiskeli na waendao kwa miguu tu, gari haliruhusiwi. Ilifunguliwa mwaka 1997, imelazwa pale ilipokuwa ikipita reli ya zamani. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko, na wewe unapita bila kuhema, kwa sababu treni haipendi mlima: waliochimba reli walishatafuta pa kupita kwa ulaini miaka mingi kabla yako.

"Na kwenu ipo njia kama hiyo?"

"Ipo," nikamjibu upesi. "Pemba."

Pemba nilishakwenda mara mbili, zote harusini, zote nimelala garini. Lakini ningemwambia nini? Kwamba na sisi tulikuwa na reli yetu, ya Mjini mpaka Bububu, iliyoanza 1905 ikaishi miaka ishirini na kitu, na leo upande ule ni lami na daladala za 502, na mwenye baiskeli akifika salama anasema alhamdulillahi? Nilinyamaza. Alipoondoka, uongo ule ukaanza kunikera, na Septemba nikamwambia mdogo wangu: twende tukaangalie kama nilisema kweli.

Boti sitaisimulia sana. Baiskeli zetu zililazwa, magunia ya vitunguu yakawekwa juu yake, na tuliposhuka Mkoani usukani wangu ulikuwa unatazama kushoto huku gurudumu likitazama mbele. Mdogo wangu alilibana gurudumu kwa magoti akaunyoosha usukani. Tulipoinua vichwa, mlima ulikuwa unatusubiri pale pale gatini. Mkoani haikupi hata nafasi ya kupasha miguu moto.

Niseme wazi, Pemba haina mlima wa kutisha. Ina vilima, vingi, vimefuatana kama mistari ya mkeka, na kati ya kila viwili kuna bonde la mpunga. Lakini Wapemba kila mpando wanauita mlima, na mpaka siku ile inaisha nilikuwa nimekubaliana nao. Unateremka kwa upepo mpaka bondeni, unavuka kidaraja, kisha unashuka na kusukuma. Baibui langu nililifunga kiunoni kwa mpira, chini nimevaa suruali, na bado upindo uliingia kwenye mnyororo mara mbili. Mara ya pili niliukata kwa mkasi wa kucha, nikaendelea na baibui lenye meno.

Tulifika mji wa Chake Chake wakati wa magharibi. Siku hiyo tulifuata barabara kubwa, na barabara kubwa ni barabara kubwa popote: vumbi, honi, mtu kukuchungulia kwenye dirisha la gari akacheka. Kama ningerudi na hiyo tu, yule bibi wa Kifaransa ningemkimbia.

Asubuhi tulipitia Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na harufu yake tuliikuta kabla hatujaliona paa. Kutoka hapo tukauliza njia za ndani za kwenda Pujini, na ndipo Pemba ilipofunguka. Njia zenyewe ni za udongo mwekundu, upana wake wa gari la ng'ombe, zimechimbika katikati kwa kwato na pembeni kwa magurudumu. Hakuna aliyezichora. Zinatoka nyumba hadi shamba, shamba hadi mbele ya msikiti, msikiti hadi bondeni. Mikarafuu imesimama pande zote mbili, mirefu, ya kijani kilichoiva, na chini yake panakuwa na ubaridi hata saa sita ya mchana. Kwa saa mbili tulipishana na magari mawili, na yote yalivutwa na ng'ombe.

Tatizo la njia hizi ni moja: zinagawanyika. Mzee mmoja alituambia, "Fuateni hii hii mpaka mwembe, hapo mtauliza." Tulifika kwenye miembe saba. Lakini kila penye njia panda pana baraza, na kila baraza ina watu, na huwezi kuuliza njia kabla hujatoa salamu na kujibiwa ya nyumbani, ya safari, na ya wazee wako. Kilomita kumi zilituchukua nusu ya siku.

Pujini kwenyewe pana kuta za Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 anayesimuliwa mpaka leo kwa ukatili wake; jina lenyewe linamaanisha mwenye kuwakamua wanaume. Wanasema aliwatembeza watu kwa matako wakiwa wamejitwisha mawe ya kujengea. Kisima chake kina ukuta katikati: alikuwa na wake wawili, mmoja akiteka kwa kamba upande wake, mwingine akishuka ngazi upande wa pili, ili wasionane. Mdogo wangu, ambaye ana mke mmoja na madeni, alikitazama kisima kile kwa muda mrefu.

Pancha ilikuja siku ya tatu, baina ya Chake na Wete. Tulikuwa tumeiacha tena lami, alasiri, tunateremka, na gurudumu la nyuma likaanza kupiga rimu. Mwiba wa mdimu. Pampu tulikuwa nayo. Viraka vilibaki Jambiani mezani. Tukasukuma mpaka uani kwa mzee mmoja, ambaye watoto walitwambia kuwa "babu anatengeneza."

Fundi huyu hakuwa na kibanda. Alikuwa na kopo la bati lenye vijiko viwili vya kulia, kipande cha msasa, tyubu kuukuu na sulisheni. Alichomeka kijiko cha kwanza chini ya tairi akakibana kwenye spoku, cha pili akakitembeza mzunguko mzima, tyubu ikatoka kama utumbo wa kuku. Akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni, akaizungusha taratibu mpaka vijipovu vikajipanga mstari mmoja. Akaweka kidole gumba pale na hakukiondoa mpaka alipokausha, akasugua, akapaka, akapuliza. Kiraka alikikata duara kwa jicho tu. Kisha akakigonga kwa mpini wa nyundo mara nyingi kuliko nilivyoona haja.

"Sasa hii nayo itoboke pengine," akasema. "Hapa haitoboki tena."

Nilipotoa pesa alizitazama kama nimempa kitu cha mtu mwingine. "Weye kaa uchambue."

Uani kulikuwa na jamvi, na juu yake chungu ya karafuu mbichi iliyonifika magotini, zimeshuka mtini mchana ule. Mkewe, mabinti wawili na mawifi sijui wangapi wamezunguka. Nikapewa kigoda. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisokotea kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka huku na makonyo unayatupa kule. Wao walifanya bila kutazama, midomo inazungumza. Mimi nilikuwa nahesabu. Zilizokuwa za rangi ya waridi ndizo zenyewe. Iliyokwisha kufunguka ua, bei yake imeshaanguka, ndiyo maana msimu ukifika hapana anayesema atachuma kesho. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, vibaba vinne, na kila pishi inamwagwa mbele ya macho ya mchumaji na ya mwenye shamba, wote wawili.

Bibi alinionesha zilizoanikwa pembeni, siku ya nne juani. Akachukua moja ya jana, akaikunja: ikapinda. Akachukua ya siku ya nne: ta! "Ikilia, iko tayari."

Mzee aliuliza kwetu wapi. Nikasema Jambiani, Unguja. "Nyie upepo uliwachukulia," akasema, "sie ukatuwekea." Alikuwa akisema kimbunga cha 1872 kama cha mwezi uliopita. Kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kisiwa cha Pemba kikakipita ubavuni, na tangu hapo karafuu ikawa ya huku. Nilisoma hayo skuli, nikayajibu kwenye mtihani na kuyasahau. Nikiwa nimekaa pale, vidole vinanata, nikaona kwamba hata njia niliyoijia imetokana na hayo: kila mti unataka njia ya kuufikia na kila gunia linataka njia ya kutoka.

Tulipoondoka bibi alinitilia konzi ya karafuu kavu kwenye mfuko wa baibui. Mdogo wangu aliingiwa na hofu. Karafuu huuzwa kwa shirika la serikali peke yake, na magendo yake si mchezo. "Konzi moja?" nikamwambia. Hakucheka. Tulipofika Wete nilimwomba mwenye nyumba tuliyolala azitie kwenye chai, zote. Ilikuwa chai kali sana, na tuliinywa yote na halua, ushahidi ukawa umekwisha.

Siku iliyofuata, njia ya kwenda Konde, kulikuwa na jambo lililonifurahisha kuliko msitu na bahari. Lami ilikuwa imeanikwa karafuu. Majamvi yamepangwa kando, mengine yameingia mpaka nusu ya barabara, na daladala zilikuwa zinapunguza mwendo na kuzunguka. Pale gari ndilo lililokuwa linaomba njia.

Tulilala Konde kwa jamaa wa mama. Alfajiri tukaingia Ngezi, tukalipa kiingilio getini, na msitu ukatufunika. Miti imeshikana juu, njia chini ni ya udongo wenye mchanga, tairi linazama kidogo na kutoa sauti ya kutafuna. Mlinzi alituonesha mpapindi, mti wa jamii ya mnazi wenye shina lenye pingili kama mwanzi. Mbele kidogo mdogo wangu akasimama akasema, angalia mafenesi yale. Fenesi moja likanyoosha bawa. Walikuwa popo wa Pemba, ambao hawapo pengine popote duniani, na bawa kwa bawa hupita mita moja na nusu. Zamani walikuwa wakiliwa mpaka wakakaribia kwisha. Tulipita chini yao bila kupiga kengele.

Kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, wa chuma, uliosimama tangu 1900, ngazi ni nyembamba kiasi kwamba baibui lenye meno lilinasa tena. Juu unaiona Pemba ilivyo: vilima vimelala kusini mmoja nyuma ya mwingine, na huwezi kuona njia hata moja. Zote ziko chini ya majani. Nikapiga picha ya kumpelekea yule bibi wa Kifaransa, na picha haikuonesha kitu ila miti.

Tukarudi mpaka njia panda, tukashika ya Vumawimbi. Ilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, saa nne na nusu, maji yametoka mbali. Nikashuka na baiskeli, nikaujaribu mchanga kwa kisigino kama tunavyofanya kwetu. Mgumu.

"Dada, tupumzike," mdogo wangu akasema, ameshakaa kivulini.

Sikumjibu. Nililegeza mpira wa kiunoni, baibui likashuka, nikapanda. Siku nne nilikuwa nasukuma na kuhema mbele ya watoto wa Kipemba wanaopanda milima ile wakiwa wamepakia mkungu wa ndizi kwenye keria. Sasa nilikwenda mpaka mwisho wa ufuo bila kugusa breki, nikageuza, nikarudi juu ya mstari wangu mwenyewe, na upande wa bahari maji yalikuwa yameshaanza kuulamba.