Nilivyosomea uongozi huku nikifanya kazi na wavuvi wa Lamu

Nilianza shahada ya uzamili ya uongozi wa mashirika nikiwa karani wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, hapa Lamu. Jirani waliona ajabu. Kwao, mtu husomea uongozi akitaka kugombea kiti. Mimi nilikuwa nimechoshwa na vikao vinavyoishia kwa kelele, wenye vyombo upande huu, mabaharia na wachuuzi wa samaki upande ule, nami katikati naandika kumbukumbu.

Karo niliilipa kwa awamu. Wanachama wenzangu walikubali zamu yangu ya kupokea pesa za chama (kikundi chetu cha kuchangiana kwa zamu) iangukie mwanzo wa muhula, na bila wao nisingefika mbali. Masomo yalikuwa mtandaoni, usiku baada ya Isha. Makala nilizipakua mchana, kwa kuwa stima ikikatika jioni huna la kufanya.

Nadharia nyingi nilizisoma nikafaulu mtihani, basi. Iliyonikamata ni ya Ronald Heifetz, mwalimu wa Harvard. Anatofautisha tatizo ambalo fundi analimaliza na lile lisiloisha mpaka watu wenyewe wabadilike. Barafu ikikosekana bandarini, tafuta mashine. Lakini juya, wavu wa kukokota, limepigwa marufuku kwa kuwa linazoa hadi samaki wachanga, kila mvuvi anajua, na bado linatupwa, kwa kuwa kijana anayelivuta hana mtaji wa jarife, wavu wa kutega, wala chombo cha kumfikisha maji makuu. Hapo faini pekee haitoshi. Nikaamua utafiti wangu uwe huo: jinsi kamati ya BMU inavyoamua kuhusu nyavu, na nani husikilizwa.

Msimamizi wangu alitaka hojaji, zile za kuchagua moja hadi tano. Nilimwomba aniruhusu mahojiano. Nahodha aliyekaa baharini tangu utotoni humwambii achague namba. Ukimwambia asimulie, atakupa historia nzima ya kamati. Nilitetea pendekezo langu kwa hoja hiyo, likapita. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa ya utafiti, kiliombwa mtandaoni, nacho kilihitaji barua ya chuo, kwa hiyo anayepanga utafiti aianze kazi hiyo mapema.

Nilihoji msimu wa kusi, upepo wa kusini, bahari ikichafuka na vyombo vingi vikiwa vimefungwa. Wakati huo ndio wavuvi wana nafasi. Mzee mmoja kila akiniona aliniita, “Ndoo uketi, mwanangu,” yaani njoo ukae, kisha akaanza na enzi za babake kabla hajagusa swali langu. Nilimwacha. Ndani ya masimulizi hayo ndimo nilimopata jibu ambalo hakuna kitabu kingenipa: zamani ugomvi wa nyavu uliamuliwa na wazee kabla ya kikao, na kamati ya kura imerithi mazoea hayo. Kijana anapiga kura, ila neno limekwisha kukatwa.

Kuandika kwa Kiingereza mambo niliyoambiwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kulinila usiku mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Tasnifu ilipopita nilitoa muhtasari kwa Kiswahili, nikausoma mbele ya wanachama wote wa BMU. Niliomba mwenyekiti awape mabaharia nafasi ya kusema kwanza. Wakasema, wazee wakajibu, na kwa mara ya kwanza ajenda ya juya ikajadiliwa ukumbini badala ya barazani. Sasa kamati inatafuta namna ya kuwakopesha vijana nyavu halali, na mimi ndiye ninayeandaa ombi la mkopo huo.