Kwa nini familia ya Bush ilivuka Mto Columbia

Sisi Waswahili tulioko huku jimbo la Washington tunaitumia sana hiyo barabara ya I-5 kwenda Portland, na pale Tumwater, jirani kabisa na Olympia, wengi tunapitiliza. Safari nyingine simameni jamani. Hapo ndipo ilipoishia safari ya mzee George Bush na mkewe Isabella, na sizungumzii marais wale, nazungumzia Bush mweusi, aliyeondoka Missouri mwaka 1844 na mkewe mzungu na watoto wao watano wa kiume, kwenye msafara wa magari ya kukokotwa na maksai.

Missouri ilikuwa jimbo la utumwa. Bush alikuwa mtu huru, tena ana uwezo wake, na inasimuliwa kwamba baadhi ya majirani waliosafiri naye ni yeye aliyewasaidia kupata vifaa vya safari. Walikuwa wanaelekea bonde la Willamette, Oregon, kila mtu alikuwa anakimbilia huko kwa ajili ya ardhi. Sasa bwana, wakiwa njiani, mwezi Juni mwaka huo huo, serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ikapitisha sheria kwamba watu weusi waondoke, wanaume wana miaka miwili, wanawake mitatu, atakayebaki achapwe viboko, si chini ya 20 wala zaidi ya 39. Hebu fikiria umevuka bara zima na wanao halafu unakuta hiyo inakusubiri.

Kwa hiyo kwangu mimi sehemu yenye uzito kuliko zote kwenye historia yao ni Mto Columbia, huu unaotenganisha Oregon na Washington. Kaskazini ya mto bado kulikuwa chini ya Hudson's Bay, kampuni ya Waingereza ya biashara ya manyoya, na ile sheria ilikuwa haina nguvu kule. Bush alipitisha majira ya baridi upande wa The Dalles, kando ya mto huo upande wa Oregon, na mifugo, kisha mwaka 1845 yeye na Michael Simmons, mwenzake wa msafara, na familia nyingine chache, wazungu hao, wakavuka, wakafuata mto Cowlitz na kufyeka njia msituni mpaka kwenye maporomoko ya mto Deschutes. Hapo ndio Tumwater. Wale wazungu wangeweza kabisa kubaki Oregon wakapewa ardhi, wakaamua kwenda naye, na hilo mimi nawaheshimu nalo mpaka leo.

Shamba lake lilikuwa kwenye uwanda wa nyasi unaoitwa Bush Prairie mpaka sasa, uwanja wa ndege wa Olympia uko huko huko. Mwaka 1852 chakula kilipokuwa haba walanguzi walimfuata wanunue ngano yake, akakataa, akawagawia majirani na wahamiaji wapya wapate chakula na mbegu.

Lakini mpaka ulimfuata. Mwaka 1846 Uingereza na Marekani wakagawana nchi ile, eneo lake likaangukia Marekani, na sheria ya ardhi ya 1850 ikamwacha nje maana ilitambua wazungu na machotara wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa Amerika, tu. Majirani wakasimama naye, mwaka 1854 baraza la kutunga sheria la huku Washington likaliomba Bunge la Marekani, na mwaka 1855 akapewa ekari zake 640 kwa sheria maalumu. Kura hakupiga hata siku moja, alifariki 1863. Mwanawe William Owen ndiye aliyeingia kwenye bunge la kwanza la jimbo mwaka 1889, hapo hapo Olympia, na kwenye viwanja vya bunge hilo tangu 2021 kuna mnara wa kumkumbuka George na Isabella.

Ila msiishie hapo, kwa sababu ile ardhi ilikuwa na wenyewe, kabila la wenyeji liitwalo Wanisqually, ambao waliisaidia sana familia ya Bush ilipofika haina kitu, na familia nayo iliwauguza walipopigwa na surua. Mwaka ule ule wa 1854 ambao Bush anaombewa ekari zake, wao walisainishwa mkataba wa Medicine Creek wa kuiachia Marekani ardhi yao, wakapoteza karibu kila kitu, na kiongozi wao Leschi aliyepinga akanyongwa 1858. Mkataba ulifanyika kwenye delta ya mto Nisqually, iko pembeni ya I-5 kabla hujafika Lacey ukitokea Tacoma, siku hizi ni hifadhi ya ndege na ina njia nzuri ya mbao ya kutembea. Anzieni hapo, halafu ndio mwende Tumwater.