Siku moja maishani mwangu: kuvaa, kuvua na kuvua

Kazi yangu ni kuwapeleka watu ziwani kuvua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni. Msimu ninaoupenda kuliko yote ni vuli, majani yanapopukutika. Kiswahili kimetupa neno moja kwa kuvua samaki na kuvua nguo, na katika msimu huu mambo hayo mawili huandamana kutwa nzima.

Saa kumi alfajiri

Kipimajoto cha dirishani kinasoma nyuzi 4. Utabiri unasema mchana zitafika 17. Pengo hilo ndilo linalonivalisha. Ngozini natanguliza fulana nyembamba ya sufu yenye mikono mirefu na suruali ya ndani ya namna hiyohiyo. Juu yake sweta nzito ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, kisha koti na suruali ya mvua, hata mbingu ikiwa safi, maana mashua ikikimbia upepo hutafuta kila tundu. Nguo ya pamba siivai kabisa. Ikilowa hukaa na maji, na maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa. Soksi ni jozi moja nene tu ya sufu. Wengi huvaa mbili wakidhani wanajisaidia, kumbe buti likibana damu haishuki na vidole vinapoa zaidi.

Saa kumi na mbili kasoro robo

Wageni wangu wa leo, mzee mmoja na binti yake, wananisubiri gatini. Baada ya shikamoo naona mzee kavaa jinzi na sweta ya pamba. Namfungulia mfuko wa akiba ambao hautoki kwenye mashua yangu.

"Kaka, hatutatoka jasho na nguo zote hizi?" binti anauliza.

"Ukitoka jasho utavua moja. Ukianza kutetemeka katikati ya ziwa na huna ya kuongeza, hapo ndipo pagumu."

Juu ya yote kila mtu anafunga jaketi la kujiokolea. Hapa sibembelezi mtu. Anayetumbukia kwenye maji baridi hutweta ovyo dakika ya kwanza, na baada ya dakika kama 10 mikono huishiwa nguvu, hata awe mwogeleaji hodari.

Saa moja asubuhi

Kumepambazuka. Maji yana nyuzi 15. Tumeingia kwenye hori, mkono wa ziwa wenye kina kifupi, kwa sababu maji yanapopoa vidagaa huhamia huku kwa makundi, na besi huwafuata nyuma ili washibe kabla ya majira ya baridi. Naanza na chambo cha kuelea kinachoteleza na kupiga kelele juu ya maji. Rangi nyeusi: mwanga ukiwa hafifu, samaki anayetazama kutoka chini huona kivuli dhidi ya anga, na kivuli cheusi ndicho kinachoonekana vizuri. Mshipi wa kuvulia ni wa nailoni, usiozama upesi na kukivuta chambo chini. Tunapata wawili wadogo.

Saa tatu

Jua limepanda na upepo umeanza kuchafua uso wa maji. Makoti yanavuliwa. Chambo nacho kinabadilika: nafunga spina, ile ya waya yenye visahani vinavyozunguka na kumeta. Maji yangekuwa na tope ningechagua visahani vya dhahabu na sketi, yale mashada yanayoificha ndoano, ya manjano-kijani. Haya ni maangavu, kwa hiyo nachukua fedha na nyeupe.

Binti anavuta besi wa kilo moja hivi, na samaki anapofika mashuani anatapika kidagaa. Nakipima mara moja: sentimita 8. Spina yangu ilikuwa ndogo mno! Vidagaa waliozaliwa mwaka huu wameshakua, na besi aliyezoea mlo wa ukubwa huo hupuuza kitu kidogo. Naweka kubwa zaidi, na kwa saa nzima mikono yetu haipumziki.

Saa sita

Hori ya pili ina maji ya kahawia yenye harufu ya yai bovu. Tabaka la juu limepoa, likawa zito na kuzama, na maji ya chini yasiyo na oksijeni yamepanda. Samaki wametawanyika. Tunaondoka bila kutupa hata mara moja.

Saa nane

Kimya. Sweta zimevuliwa, na miwani ya kahawia tuliyovaa asubuhi nimeibadilisha kwa ya kijivu, inayopunguza mng'aro wa jua kali.

Saa kumi jioni

Wingu, kisha upepo wa baridi kutoka kaskazini. Tunavaa tena kila kitu. Mashua nyingine zinarudi gatini, nami nasikitika kila ninapoona hivyo, kwa sababu waliomo wanaondoshwa na mavazi tu. Samaki bado wapo, ila wameshuka kwenye miamba. Namfungia mzee jigi, ndoano yenye kichwa kizito, ya kahawia inayofanana na kamba wa maji yasiyo na chumvi. Huburutwa polepole chini, na samaki akila husikii mvuto, ni mguso mdogo tu kwenye mshipi. Vidole vilivyokufa ganzi haviusikii. Ndiyo maana nimempa glavu zilizo wazi kwenye ncha.

"Kuna kitu," ananong'ona.

"Vuta, mzee!"

Kilo mbili na nusu. Analowesha mikono kwanza, asimtoe samaki ute unaomkinga, anamshika kidogo, kisha anamwachia.

Saa mbili usiku

Nguo zimetundikwa, koti limegeuzwa ndani nje. Ndoano nazifuta moja moja zisipate kutu. Tulipofunga mashua, maji yalikuwa yameshuka hadi nyuzi 14 na upepo ulikuwa bado haujatulia, kwa hiyo ufito wa kuvulia wa kwanza wa kesho nimeshaufunga jigi, na glavu kavu nimezitia mfukoni mwa koti.