Makali ndiyo yanayomtaja fundi

Mpasua samaki hamwiti mtu fundi kwa sababu kisu kinang'aa. Anangoja aone makali yanadumu.

Kwa kufua kisu, springi ya gari inafaa, ila ikague kwanza, maana ufa mdogo huja kufunguka wakati wa kuzimisha, yaani kupoza chuma cha moto ghafla kwenye mafuta. Ukingo uuache unene wa milimita 1 hivi kabla ya kuzimisha. Ukiwa mwembamba zaidi, hujipinda. Pasha moto mpaka sumaku isishike, ongeza kidogo, kisha tumbukiza kwenye mafuta ya kupikia yenye nyuzi 50 hadi 60. Maji yaache, hupasua. Tupa ya kunolea ikiteleza juu yake, chuma kimekuwa kigumu, lakini bado kinavunjika kama kigae. Kitie kwenye oveni nyuzi 200, saa 2, mara 2. Wengi huiruka hatua hii, na visu vyao huingia mapengo.

Mpini uzibe vizuri mkia wa kisu unapoingilia. Chumvi ya pwani hula chuma kutoka ndani.

Marekani, American Bladesmith Society, chama cha wafua visu, humpima mwanagenzi kwa kisu kimoja: kikate kamba inayoning'inia, kikate mbao, kinyoe nywele, kisha kipindwe nyuzi 90 bila kukatika. Unguja na Pemba kamba ya usumba ipo tele. Ikate, ikate tena, halafu nyoa malaika ya mkono mbele ya mteja.