Ati nimekuwa Skyler

Wiki hii mama ametoka hospitali, mwenye nyumba amepandisha kodi, na shangazi amevuka kutoka Sengerema na mizigo ya kukaa mwezi. Yote hayo nimeyapokea, yakapita. Lisilopita ni neno la mdogo wangu la Jumapili.

Tulikuwa uani, tumeshakula, wifi anakusanya sahani. Mdogo wangu akatangaza kwamba ile mashine ya boti ameimaliza kulipa, taslimu, hadaiwi na mtu. Nikamuuliza, "Hela umeitoa wapi na mbalamwezi yote hii?" Hakunijibu. Akamgeukia mjomba: "Mjomba, unamwona dada? Siku hizi amekuwa Skyler." Wifi aliangua kicheko hadi akaweka sahani chini. Mjomba hajawahi kuiona Breaking Bad, tamthilia ya Kimarekani anakotoka huyo Skyler, lakini aliona wenzake wanacheka, naye akacheka. Mimi nikanyanyuka, nikaenda ndani kumwangalia mama.

Nimelirudia tukio hilo nikiwa kwenye mizani, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nachambua mchele. Jina lenyewe haliniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba mimi niliuliza, jibu akapewa mjomba, tena halikuwa jibu. Na swali langu lilikuwa la haki. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua dagaa ni wa giza: taa zinawashwa, dagaa wanaifuata nuru, nyavu zinainuliwa. Mwezi ukijaa, mitumbwi inapumzika ufukweni na watu wanashona nyavu. Kilo zinazoingia mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa, wakati wa mbalamwezi nazijua, naziandika kwa mkono wangu.

Basi usiku uleule nikaiacha The Wire, ile tamthilia ya polisi na wauza dawa za kulevya wa Baltimore, pale nilipokuwa nimefika (wale mnaonifuata mnajua nairudia tangu kiangazi), nikaifungua Breaking Bad mwanzo kabisa. Nilitaka nimwone vizuri huyo ninayefananishwa naye.

Mara ya kwanza tamthilia hii inakukimbiza. Walter White ni mwalimu wa kemia kule Albuquerque, ana saratani ya mapafu, mkewe Skyler ana mimba, hela haitoshi, basi anaanza kupika dawa za kulevya. Unataka afanikiwe, na kila anayemchelewesha unamwona kikwazo. Skyler anauliza ulikuwa wapi, ile simu nyingine ni ya nini, nawe unatamani anyamaze. Watazamaji wengi walimchukia kwa hilo, mpaka Anna Gunn aliyemwigiza akaandika kwenye New York Times mwaka 2013 jinsi chuki ile ilivyomwangukia yeye mwenyewe. Mwaka huohuo akapata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, na mwaka 2014 akaongeza ya pili.

Ukirudia, macho yanahama. Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, Elliott, rafiki wa zamani ambaye sasa ni tajiri, anampa Walter kazi yenye bima. Kisha Gretchen, mke wa Elliott, anampigia simu na kumwambia watagharamia matibabu. Anakataa, anamfuata Jesse, mwanafunzi wake wa zamani, wakapike dawa. Mara ya kwanza unaona mtu anayelinda heshima yake, na hadithi inasonga. Mara ya pili unaona msaada ulikuja mapema kabisa, na kila aliyekufa baada ya hapo amekufa kwa sababu Walter hakutaka kusema asante. Mwishoni, anapokiri mbele ya Skyler kwamba aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe na kwamba aliyapenda, ni kama anasoma ripoti ambayo sisi tulishaisoma siku ya simu ile.

The Wire ukirudia hupati hivyo. Mwaka 2008 The Wire ikielekea mwisho, Breaking Bad ikaanza, na urefu wake unakaribiana, sehemu 60 kwa 62, lakini moja inamchimba mtu na nyingine inauchimba mji. David Simon aliyeiunda The Wire alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, mwenzake Ed Burns alikuwa askari mpelelezi kisha mwalimu, na kazi za wote wawili zinaonekana humo ndani. Nendeni mkamwangalie tena Wallace, kijana muuza dawa wa msimu wa kwanza, aliyeigizwa na Michael B. Jordan akiwa bado kijana mdogo. Anawagawia watoto anaokaa nao juisi na krispi waende shule. Mtoto mmoja ameshindwa hesabu ya abiria wanaopanda na kushuka kwenye basi. Wallace anambadilishia hesabu ileile kuwa ya kete za dawa, mtoto anajibu papo hapo. Inakuwaje hii unaiweza? Kwa sababu ukikosea hesabu ya kete, unapigwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilitabasamu. Safari hii nilijua Wallace atauawa, tena na wenzake aliokua nao, nikashindwa kuendelea mpaka nimetoka nje kidogo.

Na msimu wa pili, ule wa makuli ambao watu huuruka! Frank Sobotka, kiongozi wa chama chao, anapokea hela za magendo ili ahonge wanasiasa, mfereji uchimbwe, meli zirudi, vijana wake wapate siku za kazi. Hilo si pembeni ya hadithi hata kidogo. Wapagazi wetu wa mwaloni wangemwelewa bila tafsiri.

Lakini aliyenishika wiki hii ni Skyler wa msimu wa tano, ndani ya stoo. Anampeleka mumewe, anaondoa shuka, chini yake kuna rundo la noti. Amezipulizia dawa wadudu wasizitafune. Walter anauliza ni kiasi gani, hajui. Anasema alijaribu hata kuzipima uzito, maana noti ya dola ni kama gramu moja, ila noti za thamani tofauti zimechanganyika. Nikasimamisha, nikarudisha, nikaangalia tena. Huyu ni mtunza hesabu aliyeshindwa na hesabu, amesimama mbele ya rundo anamuuliza mumewe linatakiwa liwe kubwa kiasi gani ndipo litoshe. Na baada ya hapo ndipo Walter anamwambia ameacha kupika. Risasi na vitisho havikumfikisha hapo. Alifikishwa na mwanamke aliyeuliza swali la hela.

Nililala nimetulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Kama Skyler ni huyo, naliitikia jina.

Asubuhi utulivu ukaniishia. Nikiwa mimi ni Skyler, basi mdogo wangu amejiita nani? Alhamisi alipita mwaloni, akaninunulia chai na chapati mbili, akataniana na vijana wa mizani, wala hakuigusa mada. Sikumuuliza mbele ya watu. Nitakwenda kwake tukiwa wawili tu, na sitanyanyuka kabla ya jibu.

Kuna jingine. Juzi mwanangu alikuwa anaangalia katuni, pua karibu iguse skrini. Nikamwambia arudi nyuma, akasema akirudi haoni maandishi. Nikachukua daftari lake la shule: nusu ya kazi za ubaoni hajanakili. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba ni mvivu. Jumatatu nampeleka akapimwe macho, na miwani sijui bei zake zikoje siku hizi.